Mdomo wa Mhusika na Jicho la Kamera

Ndugu walimu wa sanaa, waandishi wa miswada, na ninyi vijana mnaojifunza kuongoza filamu,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa Kiswahili tumezoea kuliita usahihi wa kisiasa, yaani kukwepa maneno na picha zinazoweza kuwaudhi watu wa kundi fulani, na jinsi linavyogombana na uhalisia katika filamu. Jina hilo sitalitumia sana leo. Tunalo neno letu, tulilofundishwa shuleni katika somo la fasihi, nalo ni tafsida: kupunguza ukali wa maneno ili msikilizaji asikereke. Mtu wetu hafi, anafariki, hazai, anajifungua, haendi chooni, anakwenda msalani. Kwa hiyo hakuna Mswahili anayeweza kusimama hapa akadai kwamba adabu ya maneno ni ugonjwa ulioshushwa na ndege kutoka Marekani. Tafsida ni stara, na stara tunaijua. Nitakachouliza ni kwamba, stara hiyo inapoingia kwenye filamu, inamsitiri nani? Aliyeumizwa, au aliyeumiza?

Nitakaa kwanza kwenye filamu moja ya zamani, kwa sababu karibu mabishano yote ya leo yamo ndani yake.

Mwezi Desemba mwaka 1939, filamu ya Gone with the Wind ilizinduliwa mjini Atlanta. Ilitokana na riwaya ya Margaret Mitchell iliyotoka mwaka 1936, na inasimulia maisha ya binti wa mwenye shamba la pamba katika jimbo la Georgia kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wakati wa vita hivyo na baada yake. Mtayarishaji wake, David O. Selznick, alikuwa mtu wa kuhangaikia uhalisia hadi usiku wa manane. Alimwajiri Wilbur Kurtz, mjuzi wa historia ya Atlanta, ili majengo na mandhari ya mji yasipotoshwe, akamwajiri na mwandishi wa magazeti Susan Myrick, ili lafudhi za waigizaji na adabu zao ziwe za Georgia kweli. Walter White, katibu wa chama cha kutetea haki za watu weusi cha NAACP, aliwasiliana naye akimshauri atafute pia mshauri mweusi, mtu ambaye angeweza kusema utumwa ulikuwaje kwa waliokuwa ndani yake. Mshauri huyo hakuajiriwa. Washauri wote wawili niliowataja walikuwa weupe.

Hata hivyo Selznick hakuwa kiziwi kwa malalamiko. Magazeti ya watu weusi yalipiga kelele, waigizaji weusi wakanung'unika, na ofisi iliyokuwa ikipitia miswada ya Hollywood ikatia neno lake. Basi tusi baya kuliko yote ambalo Mmarekani mweupe humtupia mweusi, tusi lililojaa kwenye riwaya, likaondolewa kwenye muswada. Jina la Ku Klux Klan, kundi la weupe lililowatisha na kuwaua weusi, ambalo kwenye riwaya limeandikwa bila kificho, nalo likaondolewa, hata kwenye filamu wanaume wanapotoka usiku kwenda kulipiza kisasi, familia inaambiwa wamekwenda kwenye mkutano wa siasa. Msikie hiyo, mkutano wa siasa! Tafsida ya namna hiyo ingemfurahisha mwalimu wangu wa Kiswahili.

Sasa tazameni kilichobaki. Watumwa wa shamba lile ni watiifu, wanawapenda mabwana zao kuliko wanavyojipenda wenyewe, na uhuru unapokuja hawajui waufanyie nini. Hakuna mjeledi, hakuna mama anayeuzwa akaachwa mtoto, hakuna anayetoroka. Maandishi ya utangulizi yanaiita enzi hiyo kwa maneno ya kuililia, kana kwamba kilichopotea ni bustani. Neno lilifutwa na uongo ukaachwa. Mdomo wa mhusika ulisafishwa kwa sabuni, lakini jicho la kamera, yaani namna filamu yenyewe inavyomtazama mtu na kumpima uzito, halikuguswa hata kidogo. Ningeweza kuishia hapa, kwa kuwa mengine nitakayosema yote yanatoka kwenye tofauti hiyo kati ya mdomo na jicho.

Lakini siwezi kuiacha filamu hii bila kumtaja Hattie McDaniel. Aliigiza mtumishi wa nyumbani anayeitwa Mammy, na tarehe 29 Februari 1940 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Hoteli ya Ambassador ya Los Angeles, ilikofanyika sherehe, haikuwa ikipokea weusi, kwa hiyo alikaribishwa kwa hisani maalumu na kuketishwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Miezi miwili kabla ya hapo hakuweza hata kuhudhuria uzinduzi wa Atlanta, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Georgia. Baba yake mzazi alizaliwa mtumwa, akaja kuwa askari upande wa Kaskazini, uliopigana na majimbo ya Kusini yenye watumwa, katika vita vilevile vinavyosimuliwa na filamu. Fikirini: binti wa mtumwa wa kweli aliombwa aigize mtumwa ambaye hakuwahi kuwapo duniani, akaigiza vizuri kiasi kwamba ulimwengu ukamwamini yule wa uongo. Mwenzake Butterfly McQueen, aliyeigiza kijakazi mwoga, alikataa kula tikiti maji mbele ya kamera, kwa kuwa alijua picha hiyo ya mtu mweusi na tikiti maji ilikuwa dhihaka ya zamani. Hakuweza kuibadilisha filamu, lakini kipande hicho kimoja alikizuia. Nawaheshimu sana watu wa namna hiyo, wanaopigania dakika moja ya skrini.

Mwezi Juni 2020, wakati Marekani inawaka kwa maandamano baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, huduma ya filamu za mtandaoni ya HBO Max iliiondoa filamu hiyo, kisha baada ya wiki mbili hivi ikairudisha ikiwa na utangulizi wa msomi wa filamu Jacqueline Stewart anayeeleza ilikotoka na ilichokificha. Walikuwapo waliolia kwamba historia inafutwa. Mimi naona kuiondoa kulikuwa kosa na kuirudisha ikiwa na maelezo kulikuwa sawa. Ila wale waliolia hawakuwahi kulia kwamba filamu yenyewe ilifuta historia tangu mwaka 1939.

Nimegusia ofisi ya kupitia miswada. Vijana wengi hudhani kwamba zamani sinema zilikuwa huru, na kwamba woga wa kuudhi watu umezaliwa juzi pamoja na mitandao ya kijamii. Haikuwa hivyo. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sinema ni biashara tu na haistahili ulinzi wa uhuru wa maoni, na uamuzi huo haukutenguliwa hadi 1952. Kwa hiyo wenye studio waliishi kwa hofu ya sheria za serikali na ya kususiwa na Wakatoliki. Mwaka 1930 walijiandikia wenyewe kanuni, ambayo watu huiita Kanuni ya Hays, na kuanzia 1934 ofisi ya Joseph Breen ikaanza kuisimamia kwa mkono wa chuma. Ilidumu hadi 1968, ulipoletwa mfumo wa kupanga filamu kwa umri wa mtazamaji.

Kanuni hiyo ilikuwa na mengi ya kuchekesha, lakini vifungu viwili havichekeshi. Cha kwanza kilikataza kuonyesha mapenzi baina ya mweupe na mweusi, na studio zikakinyoosha zaidi ya hapo. Mwaka 1937 ilitoka The Good Earth, filamu kuhusu wakulima wa Uchina. Mwigizaji mwenye asili ya Kichina aliyejulikana kuliko wote Hollywood, Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, aliutaka uhusika wa mke wa mkulima. Haikuwezekana, kwa kuwa mume alikuwa anaigizwa na Paul Muni, mweupe aliyepakwa rangi, na ndoa ya skrini kati yake na mwanamke Mchina halisi ingeleta matatizo. Uhusika ukapewa Luise Rainer, mwanamke wa Kizungu, naye akashinda Oscar. Kwa hiyo, ndugu zangu, pale mnapomsikia mtu akisema kwamba siku hizi waigizaji huchaguliwa kwa rangi badala ya kipaji, mwambieni kwa upole kwamba siku hizi zilianza zamani sana.

Kifungu cha pili kilisema kwamba hisia za mtazamaji zisielekezwe kwenye uhalifu wala dhambi. Mkosaji lazima mwishowe aadhibiwe au ajute. Mtu anaweza kuona ni kifungu cha maadili kisicho na ubaya. Ubaya wake ni kwamba kinamlazimisha mwandishi aseme uongo kwenye dakika kumi za mwisho, ambazo ndizo mtazamaji huondoka nazo. Na kifungu hiki hakikufa mwaka 1968. Mwezi Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Rafiki ya mwongozaji Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Kahiu mwenyewe ameeleza kwamba aliambiwa abadilishe mwisho, kwa sababu haukuwa na majuto ya kutosha. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Nairobi iliondoa marufuku kwa siku saba tu, ili filamu ipate sifa za kushindania Oscar, na kumbi zikajaa. Najua ukumbi huu haukubaliani juu ya maudhui ya filamu hiyo, na sikuja kuwapatanisha. Ninachowaomba mkitazame ni kile kilichodaiwa, yaani kwamba wahusika wakishafanya walichofanya, basi skrini iwaadhibu, hata kama maisha hayajawaadhibu. Breen angekitia sahihi kifungu hicho bila kubadilisha nukta.

Sasa nije kwenye kanuni za leo, ambazo wengi wenu mmezisikia kwa maneno ya kupitishana. Mwezi Septemba 2020 Akademia ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar ilitangaza masharti ya ujumuishi, yaani ya kuwapa nafasi watu wa makundi yaliyoachwa pembeni, kwa filamu zinazotaka kushindania tuzo moja tu, ile ya Filamu Bora, na masharti hayo yakaanza kubana kwenye tuzo za mwaka 2024. Kuna viwango vinne, na filamu inatakiwa itimize viwili. Kimoja kinahusu wanaoonekana kwenye skrini na kisa chenyewe. Cha pili kinahusu waongozaji, waandishi, wapiga picha na wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Cha tatu kinahusu nafasi za mafunzo kazini zenye malipo. Cha nne kinahusu idara za masoko na usambazaji. Hesabuni wenyewe. Filamu inaweza kutimiza cha tatu na cha nne, isimwonyeshe hata mtu mmoja asiye mweupe, na bado ikashindania tuzo. Kelele zilizopigwa kwamba uhalisia umeuawa hazikutokana na kusoma masharti. Lawama yangu kwa masharti hayo ni nyingine: ni kazi ya karani. Yanahesabu vichwa, na jicho halihesabiki. Gone with the Wind, ikipimwa kwa kuhesabu tu weusi wanaoonekana na kusema kwenye skrini, isingekuwa na shida kubwa.

Kuna jambo moja hapa linalonikera pande zote mbili, nami nitalisema ingawa najua baadhi yenu hamtalipenda. Siku hizi zinatengenezwa tamthilia za enzi za wafalme wa Ulaya ambamo weusi ni madyuki, yaani makabaila wa ngazi ya juu, na mabinti wa madyuki, wanacheza dansi kwenye kumbi za mishumaa, na hakuna anayeinua unyusi. Wanaopinga husema si uhalisia. Nakumbuka Mwalimu Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari, wanafunzi wa Tanzania walijifunga shuka, wakachomana visu vya mbao, na hakuna mzazi aliyesimama kuuliza tangu lini Warumi wakawa Wahehe. Sanaa ya maigizo ina mapatano yake na mtazamaji, na mapatano yakiwa wazi hakuna aliyedanganywa. Kwa hiyo rangi ya mwigizaji peke yake hainisumbui. Kinachonisumbua ni pale filamu inapoweka mapatano hayo kisha ikajifanya kwamba inaonyesha dunia ilivyokuwa. Sukari iliyo mezani kwa madyuki wale ilivunwa na watumwa. Ukimvalisha mtu mweusi vazi la dyuki, ukamketisha kwenye meza hiyo, na filamu isiwe na swali lolote kuhusu sukari, hujamheshimu babu yake. Umemfariji mjukuu wa aliyemmiliki. Hiyo ni tafsida ileile ya mkutano wa siasa, safari hii ikiwa imevaa nguo za kutupendeza sisi.

Tusidhani mambo haya yalitufikia kwa njia ya Netflix. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara, kilikuwapo kituo cha majaribio ya sinema za kuelimisha Waafrika, kilichoongozwa na Meja L. A. Notcutt kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (sasa Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia). Zilihusu minyoo, kilimo, kuweka pesa kwenye benki ya posta. Waigizaji walikuwa watu wetu, milima ni yetu, jembe ni jembe. Kwa macho ya haraka huo ni uhalisia mtupu. Lakini Mwafrika wa filamu zile alikuwa mtu wa kufundishwa. Serikali za kikoloni pia zilichagua kwa uangalifu ni sinema zipi za Kizungu zionyeshwe kwa Waafrika, ili wasimwone Mzungu akiwa mwizi, mlevi au mpumbavu. Hiyo nayo ilikuwa adabu, na haikuwa ya kumsitiri mtazamaji.

Nimekwisha kuwasema Wamarekani na Waingereza. Sasa zamu yetu. Filamu zetu hulaumiwa sana kwa kukosa uhalisia, na lawama hiyo kwa kawaida huishia kwenye mambo ya kuchekesha: mgonjwa mahututi mwenye kope za bandia, mwanamke anayeamka alfajiri akiwa na wanja uliokaa sawasawa, familia fukara yenye makochi ya ngozi. Hayo yatarekebishika siku fedha na wasanifu wa mandhari watakapopatikana. Hayaniumizi kama yule msichana wa kazi. Katika miswada ninayoletewa kusoma, naweza kusema mapema kwamba kwenye ukurasa wa tatu hivi ataingia na sinia ya juisi. Jina hana; ameandikwa DADA. Zamani angeitwa boi au hausigeli, na waandishi wa sasa wameona aibu wakampandisha cheo kwa neno, ambalo kweli ni neno zuri zaidi. Lakini bado anaongea lafudhi ya bara ili watu wacheke, bado ama anamwibia tajiri ama anamnyang'anya mume, na akishaweka juisi kamera haimfuati jikoni. Mlinzi Mmasai hali yake ni ileile: amepewa rungu na Kiswahili cha kuvunjika, na hana ng'ombe wa kuwawazia wala mtoto wa kumlipia ada.

Maneno nayo yana uzito, sikusema hayana. Tulikuwa tukisema zeruzeru, neno lililomfanya mtu afanane na mzimu, na miaka ile watu hao walipokuwa wakiuawa katika Kanda ya Ziwa, Tanzania, tuliona imani hiyo inavyoweza kuishia kwenye panga. Kusema mtu mwenye ualbino kulikuwa kumrudishia utu kwanza, hali yake baadaye. Pia wapo wanaotuonya kwamba maneno kiwete, kipofu na kiziwi yamekaa kwenye ngeli moja na kiti na kijiko, na onyo hilo lina haki yake. Lakini viziwi wenyewe, walipoanzisha chama chao hapa Tanzania, walikiita Chama cha Viziwi, CHAVITA, wala hawakuomba ruhusa ya wasarufi. Mwandishi asiyekwenda kuwauliza wahusika atachagua neno la adabu na bado akakosea.

Kijana mmoja wa darasa la uandishi aliniuliza hivi karibuni: anaandika filamu kuhusu mauaji hayo ya watu wenye ualbino, je, muuaji amwite mtoto zeruzeru, au atumie neno lililo rasmi? Nilimwambia muuaji aseme zeruzeru. Muuaji anayesema mtu mwenye ualbino huku ananoa panga ni kichekesho, na zaidi ya hapo anasitiriwa, maana mtazamaji hataona chuki yake imejengwa kwa nini. Mdomo wa mhusika ni wake. Nikamuuliza mimi: huyo mtoto ana kurasa ngapi kabla hajakatwa mkono? Akafungua muswada. Alikuwa na moja na nusu, na katika hizo alikuwa akikimbia. Hatukujua anapenda somo gani, anamtania nani, anagombana na nani kuhusu kofia ya kujikinga jua. Muswada ulikuwa umeandikwa kwa huruma nyingi sana na lugha safi kabisa, na jicho lake lilikuwa la muuaji, kwa sababu muuaji naye hakuona kitu kingine kwa yule mtoto isipokuwa mkono.

Ameuandika upya, sasa mtoto ana kurasa kumi na mbili. Lakini limezuka jambo ambalo sikumpa jibu, na ninalileta kwenu kwa sababu majadiliano yanaanza sasa hivi. Uhalisia unataka uhusika huo uigizwe na mtoto mwenye ualbino, na hapo nakubali bila kusita. Mtoto huyo basi atasimama mbele ya kamera, siku tatu au nne mfululizo, mtu mzima aliyeshika panga akimwita neno lile usoni, mara kumi na tano, hadi mwongozaji aridhike na mwanga. Je, neno lisemwe kweli wakati mtoto yupo, au sauti iwekwe baadaye kwenye uhariri? Mama yake aamue, au na yeye mwenyewe apewe nafasi ya kukataa kipande, kama Butterfly McQueen alivyokataa lile tikiti maji? Kijana yupo hapa mstari wa pili, na muswada anao. Naomba kipaza sauti aanze nacho yeye.